Pinhead si yule, na karatasi ya prodyuza inasubiri saini

*"Mwalimu, shikamoo. Niko Mbagala, mpenzi wa muvi za kutisha tangu enzi za kanda. Hellraiser ya kwanza niliiona kibanda umiza nikiwa bado natoroka shule, na usiku ule nililala taa ikiwaka. Majuzi nilikwenda kwa kijana mmoja Kariakoo akanijazia zote kwenye flashi. Nilipofika ya tisa, Revelations, nikaishiwa nguvu. Pinhead, yule jini wa misumari kichwani, si yule. Sauti kama imebandikwa, haitoki kwenye mdomo ule. Nusu ya muvi ni vijana wanajirekodi kwa kamera ya mkononi, nusu nyingine ni watu wazima wanagombana ndani ya nyumba, na hujakaa sawa imekwisha. Nilirudi kumgombeza kijana kwamba kaniuzia feki, akaniapia kwa mama yake kuwa ndiyo yenyewe. Kijiweni wanasema Clive Barker, mwenye hadithi yenyewe, kaishiwa. Wengine wanasema hela zilikata. Mmoja anashikilia kwamba muvi ya kutisha ikishavuka sehemu ya tano lazima ioze. Ukweli ni upi? Siulizi kwa ushabiki tu. Niliandika hadithi ya kutisha, ikatolewa filamu sehemu ya kwanza na ya pili, ikauza si haba. Sasa prodyuza ameniletea karatasi nisaini ili aendeleze 'hadithi na wahusika wake katika sehemu zote zitakazofuata', kwa malipo ya mara moja. Nikikumbuka alichofanyiwa Pinhead, mkono unakuwa mzito. Nisaini?"*

Marahaba, mdogo wangu. Anza na yule kijana wa Kariakoo: kamwombe radhi. Alichokupa ndicho. Hellraiser: Revelations ya 2011 ni filamu halali ya mfululizo ule, imetolewa na kampuni yenye haki zake, na ina urefu wa dakika 75 tu hata ukiinunua kwenye diski ya duka. (Hilo la kujaziwa flashi silisemi leo. Wewe unayehofia hakimiliki yako unajua ningesema nini.)

Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo mawili: nani aliharibu kitu ulichokipenda tangu utotoni, na je, utafanyiwa wewe hivyo hivyo. Jibu lake ni moja. Filamu ile ya tisa haikutengenezwa ili wewe uitazame. Ilitengenezwa ili mkataba usife. Na kifungu kilichoizaa kinafanana sana na kile ambacho wakili yeyote mzuri atakushauri ukiweke kwenye mkataba wako. Ndiyo maana nataka twende polepole.

Nianze na ya kijiweni. Sikio lako halikukudanganya kuhusu sauti. Doug Bradley, yule Mwingereza aliyemcheza Pinhead katika filamu nane za kwanza, alikataa kushiriki ya tisa. Mwili unaouona ni wa Stephan Smith Collins, sauti unayoisikia ni ya mtu mwingine kabisa, Fred Tatasciore. Watu wawili wameunganishwa kufanya jini moja, kwa hiyo ulipohisi mdomo na sauti haviendani ulikuwa sahihi, ila ulimlaumu asiyehusika.

Barker naye hakuishiwa, kwa sababu hakuiandika. Yeye aliandika riwaya fupi, The Hellbound Heart, mwaka 1986, na mwaka uliofuata akaongoza mwenyewe filamu ya kwanza. Aliamua kuongoza kwa sababu kazi zake mbili za nyuma zilitengenezwa na wengine na hakufurahishwa nazo. Sehemu ya pili, ya tatu na ya nne jina lake limo kama mtayarishaji mtendaji. Kuanzia ya tano, mwaka 2000, hakuwa na mkono tena. Revelations ilipokaribia kutoka na jina lake likatumiwa kuitangaza, aliikana hadharani kwa maneno makali ambayo siwezi kuyaandika mahali watoto wanaposoma.

Kuhusu hela, ukweli unachekesha. Filamu ya kwanza ya 1987 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 1, ikaingiza zaidi ya milioni 14 Marekani peke yake. Ya tisa, miaka 24 baadaye, bajeti yake inatajwa kuwa dola laki chache tu, pungufu ya ile ya kwanza hata usipohesabu jinsi dola ilivyoshuka thamani. Lakini hela hazikukata. Kampuni ilikuwa Dimension, ya ndugu wa Weinstein. Waliamua wenyewe kutoa kidogo kiasi kile. Anayekatikiwa na hela huacha filamu nusu. Hawa walimaliza, wakaionyesha kwenye ukumbi mmoja California mwezi Machi 2011, wakaisukuma kwenye diski mwezi Oktoba. Haraka ile ndiyo ya kuiangalia.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe. Kampuni ikitaka kutengeneza filamu kutokana na hadithi ya mtu, mara nyingi hainunui hadithi moja kwa moja milele. Inapewa haki kwa muda na kwa sharti: tengeneza filamu ndani ya miaka kadhaa, ukishindwa haki zinarudi kwa mwenyewe. Sharti hilo lipo kwa nia njema. Bila hilo, kampuni ingeweza kukalia hadithi yako miaka thelathini bila kuifanyia lolote, na wewe usiweze kumpa mwingine. Dimension walikuwa na haki za Hellraiser, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakitangaza kwamba wataitengeneza upya ile ya kwanza kwa ukubwa. Waongozaji walitajwa mmoja baada ya mwingine, akiwamo Mfaransa Pascal Laugier, na wote wakaondoka. Mradi mkubwa ukawa haupandi, saa ya mkataba ikawa inakwenda.

Wewe uko Mbagala, umeshaona viwanja vya Chanika na Kigamboni. Mtu amemilikishwa kwa sharti la kukiendeleza, hela ya kujenga hana au hajataka kuitoa, anasikia visivyo na kitu vitachukuliwa. Anafanya nini? Anapiga banda la mabati, anaweka mlinzi na kuku wawili. Ukipita ukalicheka banda lile kwamba ni nyumba mbaya, umelihukumu kwa kipimo ambacho mwenyewe hakukifikiria. Revelations ni banda hilo. Ilipigwa kwa wiki chache, mwongozaji Víctor García, skripti ya Gary Tunnicliffe, na siku ilipokamilika ilikuwa imeshafanya kazi yake yote, hata kama asingeinunua mtu mmoja.

Wala si wao waliobuni mchezo huu. Prodyuza Mjerumani Bernd Eichinger alikuwa na haki za Fantastic Four, wale mashujaa wa vitabu vya katuni, ambazo zingekwisha tarehe 31 Desemba 1992. Kamera zikaanza kuzunguka siku chache kabla ya tarehe hiyo, kwa ushirikiano na Roger Corman, mfalme wa filamu za bei poa, kwa dola milioni 1 hivi. Filamu ile haijaachiwa rasmi mpaka leo. Lakini haki zilibaki, na Eichinger yumo kwenye orodha ya watayarishaji wa ile kubwa ya 2005. Kibiashara, hesabu yake ilikuwa sawasawa. Aliyeumia ni mtazamaji, na waigizaji walioamini wanatengeneza filamu.

Naomba sasa nikubishie kidogo, kwa sababu unaonekana unaamini uozo ulianzia kwenye ya tisa. Mimi nadhani ulianza mapema, na kwa njia ya hila zaidi. Rudi kwenye ile ya 1987 ukiwa na macho ya mwandishi. Pinhead anaonekana dakika chache mno, hata jina hana. Kwenye orodha ya waigizaji ameandikwa tu kama kiongozi wa wale viumbe. Si stelingi na si adui. Adui ni Frank, mtu aliyeichoka dunia akanunua kisanduku kinachoahidi raha isiyo na mwisho, akararuliwa vipande. Na adui mkubwa zaidi ni Julia, mke wa kaka yake, anayemtamani kiasi cha kuwaleta wanaume nyumbani na kuwapiga nyundo ili damu yao imjenge upya hawara wake chini ya paa la mumewe. Hofu yake ni ya nyumbani, ya kitandani, ya siri ya darini ambayo mtoto wa kufikia ataigundua. Pinhead na wenzake ni kama wadai: hawakuwinda mtu, wanakuja wakiitwa, na wanachukua kilichoahidiwa. Kinachotisha ni utaratibu wao. Unaweza hata kujadiliana nao, kama Kirsty, yule mtoto wa kufikia, alivyofanya, mradi una cha kuwapa.

Watazamaji wakampenda mwenye misumari, na hilo huwezi kuwalaumu, sura ile haisahauliki. Hata mpango wa awali wa kumfanya Julia awe ndiye nguzo ya mfululizo ukafa. Haki zikahama mikono, na sehemu ya tatu, 1992, tayari Pinhead anatembea mitaani akiua ovyo kama muuaji mwingine yeyote. Ya nne, 1996, iliingiliwa na kampuni kiasi kwamba mwongozaji Kevin Yagher aliliondoa jina lake, ikatoka kwa lile jina la bandia la Alan Smithee ambalo waongozaji wa Marekani walikuwa wakilitumia kuikana kazi. Baada ya hapo hakuna tena kumbi za sinema, ni video moja kwa moja. Ya saba, Deader, ya 2005, skripti yake haikuwa ya Hellraiser kabisa. Ilikuwa hadithi nyingine, ikanunuliwa, ikachomekwa kisanduku na dakika chache za Pinhead. Hiyo na ya nane zilipigwa kwa mkupuo Romania, kwa kubana gharama. Ya nane, kwa faida ya kijiwe chenu, imo sura changa ya Henry Cavill kabla hajawa Superman. Mkiitazama kwa ajili hiyo tu mtapata burudani.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi imenikera zaidi, si ya tisa. Deader ilinidanganya, Revelations haikunidanganya. Tunnicliffe alikuwa fundi wa vipodozi na majeraha wa mfululizo ule tangu sehemu ya tatu, aliujua kwa undani, na skripti yake, mbovu kama ilivyo, inarudi kwenye kisanduku, nyama na familia. Vijana wawili, Steven na Nico, wanakwenda Tijuana, Mexico, wanakutana na kisanduku, wanapotea. Familia zao zinakaa pamoja, kisha kijana mmoja anarudi, na mwishoni unagundua kwamba aliyerudi amevaa ngozi ya mwenzake. Si unaona? Ni Frank yule yule aliyevaa ngozi ya kaka yake Larry mwaka 1987. Fundi alikuwa na ramani sahihi mkononi. Alichokosa ni muda. Kamera ya mkononi uliyoilalamikia ni njia ya kupiga haraka bila taa nyingi, na wale watu wazima wamefungiwa kwenye nyumba moja kwa sababu nyumba moja ni rahisi kuliko tano. Hakuna anayeandika mazungumzo mazuri ya mezani akiwa anafukuzana na tarehe ya wanasheria. Julia alihitaji muda wa skrini ili tumwelewe kabla hajaua. Hapa hatumwelewi mtu yeyote, kwa hiyo anayechinjwa hatuumizi.

Na Pinhead kutochezwa na Bradley, peke yake, si dhambi. Kwenye riwaya ya Barker yule kiumbe hana uanaume unaoeleweka, sauti yake inafananishwa na ya msichana. Mwaka 2022 David Bruckner alipotengeneza Hellraiser mpya, safari hii Barker akiwa miongoni mwa watayarishaji, nafasi ile alipewa Jamie Clayton, mwanamke, na anatisha kwelikweli kwa utulivu wake. Kijiwe kizima mtakasirika dakika kumi za kwanza, kisha mtazoea. Tofauti ni kwamba Clayton alichaguliwa kucheza. Mwenzake wa 2011 aliwekwa kujaza pengo.

Yule mzee wa "ikivuka tano lazima ioze" mpeni mifano miwili. Saw X ya 2023 ni ya kumi, na wengi, mimi nikiwamo, tunaiona kati ya bora za mfululizo wake, kwa sababu walimrudisha John Kramer, yule mwenye mitego, katikati ya hadithi na wakampa huzuni inayoeleweka. Na Chucky, yule mwanasesere. Don Mancini alikuwapo kwenye uandishi tangu Child's Play ya 1988, na filamu zote saba za mfululizo wa awali zina mkono wake. Ya sita, Curse of Chucky ya 2013, ilikwenda moja kwa moja kwenye video kama Revelations, tena kwa bajeti ndogo, na bado ina nyumba yenye giza, ukoo wenye siri na hofu ya kweli. Kwa hiyo namba haiozeshi, video haiozeshi, udogo wa bajeti hauozeshi. Swali ni kama kuna mtu chumbani ambaye hadithi ni yake na ana uwezo wa kusema hapana.

Lakini hata Mancini angalieni. Haki za filamu ya kwanza zilikuwa kwa studio, na 2019 ikatolewa Child's Play mpya bila yeye, bila Brad Dourif aliyempa Chucky sauti miaka yote. Unaweza kuwa baba wa mtoto na bado cheti kikawa kwa jirani.

Hapo ndipo karatasi yako inapoingia, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Sentensi uliyoninukulia, "hadithi na wahusika wake katika sehemu zote zitakazofuata", kwa malipo ya mara moja, maana yake ni kwamba ukisaini hutakuwa na neno tena. Sehemu ya tatu, ya kumi, tamthilia ya kwenye simu, katuni, vyote ni vyake, leo na atakapomuuzia mwingine usiyemjua. Pengine prodyuza wako ni mtu mwema. Sibishi. Haki za Hellraiser zilipita mikononi mwa kampuni zaidi ya moja kabla ya kufika kwa waliozalisha ile ya tisa, na wale wa mwanzo walishakuwa historia. Unasaini na huyu, utaishi na atakayekuja baada yake.

Usijipe moyo kwa kusikia kwamba Barker alirudishiwa. Ni kweli, Desemba 2021 haki za Marekani zilimrudia baada ya kwenda mahakamani. Na Victor Miller, aliyeandika skripti ya Friday the 13th ya 1980, alishinda kwa hoja ya aina hiyo, mahakama ya rufaa ikathibitisha 2021. Lakini wote wawili walitumia sheria ya Marekani inayomruhusu mwandishi kuvunja mauzo ya haki baada ya miaka 35, kwa masharti magumu. Usiipigie hesabu Dar es Salaam. Na hata kama ungekuwa nayo, fikiria umri utakaokuwa nao baada ya miaka 35.

Ulicho nacho hapa ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kwa lugha nyepesi: hadithi uliyoiandika ni yako tangu ulipoiandika, bila kusajili popote. Ulinzi unadumu uhai wako na miaka 50 baada yake. Wazo tupu halilindwi. "Jini linalokaa kwenye kabati la urithi" si lako peke yako, ila namna ulivyolisimulia, wahusika ulivyowajenga, mazungumzo uliyoyaandika, ni yako. Haki ya kutambuliwa kama mwandishi, na ya kulalamika kazi yako ikipotoshwa kwa namna inayokuvunjia heshima, ni kitu tofauti na haki ya kuingiza hela, na watu wengi wa Bongo Movie huwa hawajui kwamba wanayo. Kusajili kazi COSOTA, taasisi ya hakimiliki, hakukupi umiliki, lakini siku ya ugomvi kunakupa ushahidi wenye tarehe. Vivyo hivyo jina lako kwenye skripti iliyopelekwa Bodi ya Filamu kuombea kibali. Kaitafute hiyo nakala sasa, wakati bado mnasalimiana.

Halafu kuna kitu cha kwetu ambacho mikataba ya kunakiliwa mtandaoni haikijui. Sisi tulizoea kukata hadithi moja vipande viwili ili ziuzwe diski mbili. Sehemu yako ya kwanza na ya pili, je, ni filamu mbili au ni filamu moja iliyokatwa? Mlipatana kwa maneno au kwa maandishi? Kama mlipatana filamu moja naye akatoa mbili, huenda yeye anangoja shukrani wakati wewe unamdai hela. Kama karatasi mpya inasema "sehemu ya tatu", hakikisha imeandikwa kama hiyo tatu nayo inaweza kukatwa ikawa ya tatu na ya nne kwa malipo yale yale.

Njia ulizonazo ni hizi, nakupa bila kuzipamba. Kuuza zote kwa mara moja si upumbavu ikiwa hela ni nzito, una shida ya leo, na hadithi ile umeshaichoka moyoni. Waandishi wakubwa wamefanya hivyo wakasomesha watoto. Ila bei iwe ya shamba zima, si ya debe moja. Kukataa kabisa kunakulinda, lakini hadithi ya kutisha iliyofungiwa kabatini haikulishi, na soko letu halina kumbukumbu ndefu. Mimi ningekwenda katikati: umruhusu atengeneze sehemu ya tatu tu, kwa malipo yake, na sehemu nyingine yoyote mzungumze upya, huku wewe ukipewa nafasi ya kwanza ya kuandika.

Ukienda katikati utashauriwa kuweka muda: asipotengeneza ndani ya miaka miwili au mitatu, haki zinarudi kwako. Weka. Lakini sasa unajua kifungu hicho kikiachwa uchi kinazaa nini. Prodyuza akibanwa na tarehe anaweza kuita mabinamu wanne, nyumba ya kukopa Kimara, simu ya mkononi, akapiga siku tatu, akakuletea na kusema "hii hapa filamu, haki zangu zinaendelea". Kwa hiyo muda peke yake hautoshi. Mkataba useme filamu ni nini: urefu usiopungua kiasi fulani, bajeti isiyo chini ya kiwango mtakachokubaliana, skripti iliyoandikwa na wewe au uliyoipitisha kwa maandishi, na iwe imetolewa kwa watazamaji kihalali, si kurekodiwa tu. Useme pia kwamba bila idhini yako haki haziuzwi kwa mtu mwingine. Na useme kwamba skripti ya hadithi nyingine haiwezi kubatizwa jina la hadithi yako kwa kumchomeka mhusika wako dakika tatu. Hilo la mwisho prodyuza atacheka akiliona. Mwonyeshe Deader.

Hatakubali yote. Mdogo wangu, usiuvunje uhusiano kwa kung'ang'ania kila mstari. Kama ni lazima uachie kitu, achia asilimia kidogo ya malipo kabla hujaachia idhini ya skripti. Watu hufanya kinyume, wanapigania laki mbili za mwanzo na kuachia neno la mwisho. Fedha inarudi kwa kazi nyingine. Mhusika aliyeharibiwa mbele ya watazamaji mnarudi naye kwa taabu sana. Hellraiser ilichukua tangu 1996 hadi 2022 kupata tena filamu ambayo muasisi wake alikubali kusimama nayo.

Mimi nafundisha skripti, si wakili, na sijaiona karatasi yenyewe. Kwa hiyo usisaini kwa maelezo yangu, na usiikatae kwa maelezo yangu pia. Mpelekee wakili aisome nzima, hasa kurasa za nyuma zenye maandishi madogo. Kama ada ni nzito, kuna watoa msaada wa kisheria hapa Dar wanaosikiliza bila malipo kwa mwenye kipato kidogo, na COSOTA wenyewe wanapokea maswali ya namna hii. Nenda ana kwa ana, usipige simu ukaridhika na "tutakuangalizia". Nenda haraka zaidi ikiwa prodyuza anasema ni lazima usaini leo, ikiwa hataki kukuachia nakala, ikiwa ulishawahi kusaini chochote wakati wa sehemu ya kwanza hata kama ni risiti ya malipo yenye mistari miwili ya maelezo, au ikiwa umesikia kamera zimeshaanza kuzunguka. Beba daftari la kwanza uliloandikia hadithi, nakala ya skripti, ujumbe wa simu mliopatana bei, na diski zenyewe za sehemu mbili zenye jina lako kwenye kava. Kama jina lako halimo kwenye kava, anza na hilo kabla ya yote.